Habari za Kufuli la Kuwashia Kompyuta

Baina ya wakati mtu abonyezapo kitufe cha kompyuta na wakati aonapo picha ya kwanza juu ya kiwambo hupita sekunde chache, na watu wengi huzihesabu sekunde hizo kuwa ni kungoja tu. Makala haya yahusu sekunde hizo. Katika muda wa miaka arobaini na zaidi yametokea ndani yake mabadiliko ambayo yameligeuza swali la nani mwenye kompyuta: ni yule aliyetoa fedha dukani, ama ni yule aliyeandika orodha ya programu zinazoruhusiwa kuanza? Mimi ni mtu wa lugha, wala si mhandisi, na jambo hili nimeliingia kwa mlango wa lugha, kama nitakavyoeleza mahali pake. Lakini sikuona namna ya kulieleza kwa haki pasipo kuifuata historia yake tangu mwanzo.

Yafaa kwanza tuelewane katika maneno. Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayosimamia kazi zote za mashine, kama vile Windows au Linux. Huo hukaa katika diski, na waweza kufutwa ukawekwa mwingine. Chini yake iko programu nyingine, ndogo, iliyotiwa kiwandani katika chipu ya ubao mkuu, nayo huitwa programu dhibiti. Kompyuta iwashwapo kumbukumbu yake ni tupu. Programu dhibiti ndiyo inayoamka kwanza. Hukagua viungo vya mashine, hutafuta mfumo endeshi ulipo, kisha huukabidhi kazi. Wasemao Kiingereza hukiita kitendo hiki kwa neno litokanalo na vitanzi vya viatu, kwa mfano wa mtu ajiinuaye kutoka chini kwa kuvivuta vitanzi vya viatu vyake mwenyewe. Sisi twasema kuwasha tu, kama tuwashavyo taa. Neno letu ni fupi na zuri, walakini laficha jambo: lafanya kitendo kionekane kuwa kimoja, ilhali ni mfululizo wa makabidhiano, huyu kumpa yule. Na kufuli ninalotaka kulieleza limetiwa katika makabidhiano hayo.

Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitangaza mjini New York kompyuta yake ndogo, namba 5150, iliyobuniwa na mafundi wake wa Boca Raton katika jimbo la Florida. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba mashine ile ilitangazwa pamoja na mifumo endeshi mitatu, si mmoja: DOS iliyotoka kwa Microsoft, CP/M-86 ya kampuni ya Digital Research, na p-System iliyotungwa katika Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mnunuzi alichagua mwenyewe. DOS iliuzwa dola 40. CP/M-86, ilipofika hatimaye mwaka 1982, iliuzwa dola 240. Na mtu hahitaji shahada ya uchumi kufahamu kwa nini DOS ilishinda. Ilishinda kwa bei na kwa kuwahi sokoni, wala si kwa sababu mashine iliwakataa wengine.

Programu dhibiti ya mashine ile iliitwa BIOS, jina ambalo Gary Kildall alikuwa amekwisha kulitumia katika mfumo wake wa CP/M miaka ya 1970. Desturi yake ilikuwa nyepesi mno. Ilisoma kipande cha kwanza cha diski, baiti 512 tu, ikakitia katika kumbukumbu, ikakikabidhi mashine yote. Katika diski kuu zilizofuata ilitazama baiti mbili za mwisho za kipande hicho kama zina alama iliyokubaliwa. Lakini alama ile ilikuwa moja kwa watu wote, na maana yake ilikuwa "hapa pana kitu", wala haikuwa "kitu hiki kimetoka kwa fulani". BIOS ilikuwa bawabu asiyeuliza jina. Tena IBM yenyewe iliichapa BIOS hiyo, mstari kwa mstari, katika kitabu chake cha maelezo ya ufundi. Kampuni ya Compaq iliandika yake yenye kutenda yale yale bila ya kunakili, na kutoka mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikawa inamwuzia BIOS ya namna hiyo kila mtengenezaji aliyeitaka. Hivyo ndivyo kompyuta za aina moja zilivyoenea duniani kutoka viwanda mbalimbali, na zote zilikuwa na bawabu yule yule.

Hali hiyo ndiyo iliyomkuta Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki mwenye umri wa miaka 21, alipowatangazia watu tarehe 25 Agosti 1991 kuwa anatunga mfumo endeshi wake. Hakuomba ruhusa ya IBM, wala ya Intel, wala ya Microsoft. Aliyetaka kuujaribu mfumo ule aliandika programu ndogo ya kuwashia, kama ile iliyoitwa LILO, katika baiti zile 512, na kompyuta ilipowaka ikamwuliza ataka mfumo upi. Waweza kusema ya kuwa Linux ni mtoto wa uzembe wa BIOS, na mtu asiudharau uzembe huo, kwa maana umezaa mambo makubwa.

Hapa ndipo ulipo mlango wangu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili chini ya jina la Jambo OpenOffice. Kazi ile ililazimu kutafutwa maneno ya mamia ya vitu ambavyo havikuwa na jina katika lugha yetu, na mengine kati ya maneno hayo yametulia, mengine yamekufa kama wafavyo miche mingi katika kitalu. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, ulitoka mfumo wa Ubuntu, ambao kampuni yake iliundwa na Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini. Na msomaji wa jarida hili hahitaji kuambiwa ya kuwa shina la neno lile ni ndilo shina la utu na mtu. Kazi kama hizo zawezekana kwa sababu matini ya programu yenyewe yako wazi na kila mwenye lugha aweza kuyafasiri pasipo kungoja kampuni ione faida. Ni kweli kuwa Jambo OpenOffice iliweza kukaa hata ndani ya Windows. Lakini mfumo mzima wenye kusema Kiswahili, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, utamfaa msomaji kwa sharti moja: aweze kuutia katika mashine yake. Mfasiri afanyaye kazi mwaka mzima na mashine ikakataa kazi yake katika sekunde ya tatu ana haki ya kuuliza ni nani aliyekataa.

Haki yadai tuseme pia kwamba bawabu asiyeuliza jina huingiza na wezi. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Farooq Alvi, walitunga programu iliyojulikana kwa jina la Brain, ambayo ilijipachika katika kipande cha kwanza cha diski laini na kuhama nayo kutoka mashine hata mashine. Ndani yake walikuwa wameandika majina yao, anwani na namba ya simu! Brain haikuwa na ubaya mwingi. Zilizoifuata zilikuwa nao. Kirusi kilichoitwa Michelangelo, kilichogunduliwa mwaka 1991, kilingoja tarehe 6 Machi kikaharibu maandishi ya diski. Na baadaye, miaka ya 2000 ilipokwisha, zilitokea programu za wezi kama TDL4 ambazo ziliamka kabla ya Windows, zikawa chini yake, na kila Windows ilipojikagua iliona mambo shwari, kwa kuwa aliyekuwa akiishikia taa ndiye mwizi mwenyewe. Adui aingiaye kabla ya mlinzi hawezi kukamatwa na mlinzi. Kwa hiyo wale waliosema kwamba mlango wa kwanza wahitaji kufuli hawakuwa wakitunga hadithi.

Kufuli lenyewe lilikuja juu ya programu dhibiti mpya. Intel ilipokuwa ikitengeneza chipu yake ya Itanium, iliyotoka mwaka 2001, iliona BIOS imezeeka: ilifikiri kwa namna ya chipu za mwaka 1981, na utaratibu wake wa kugawa diski haukuweza kupita terabaiti mbili. Ikatunga utaratibu mwingine, EFI, na mwaka 2005 ikaukabidhi kwa jumuiya ya makampuni, ukaitwa UEFI. Programu dhibiti ya namna hii haisomi baiti 512. Huingia katika sehemu maalumu ya diski, hutafuta faili la kuwashia kwa jina lake, na kuliendesha. Kwa kuwa sasa ni faili lenye jina na mipaka, laweza pia kutiwa saini. Na hilo ndilo lililoongezwa katika toleo la 2.3.1 la mwaka 2011.

Namna lifanyavyo kazi yafaa ielezwe polepole, maana ugomvi wote umo humo. Mtu aliye na ufunguo wa siri aweza kutia katika faili saini ambayo mtu mwingine yeyote, kwa kutumia ufunguo wa wazi ulio mwenzi wake, aweza kuihakiki lakini hawezi kuiiga. Ndani ya chipu ya UEFI kumewekwa hazina nne. Ya kwanza ni ufunguo mkuu mmoja, na aghalabu huo ni wa mtengenezaji wa kompyuta. Ya pili ni funguo za wale walioruhusiwa kuzibadili orodha. Ya tatu ni orodha ya vyeti na programu zinazokubaliwa. Ya nne ni orodha ya zilizolaaniwa, ambazo hata zikiwa na saini njema hazipiti. Kufuli likiwa limefungwa, faili la kuwashia lisilo na saini inayotambuliwa halianzi. Mashine huandika maneno machache ya kukataa na kusimama. Basi kanuni yenyewe haikutaja Microsoft, wala Linux, wala kampuni yoyote. Ilisema tu kuwa mwenye ufunguo ndiye afunguaye. Haikusema ni nani apewe ufunguo.

Soko lilijibu swali hilo. Mwezi wa Septemba 2011 Microsoft iliwajulisha watengenezaji kwamba kompyuta itakayobeba nembo ya Windows 8 sharti iuzwe ikiwa kufuli hili limekwisha kufungwa. Hakuna mtengenezaji aliyekuwa tayari kuikosa nembo ile, wala kuuza mashine isiyowasha Windows. Kwa hiyo funguo za Microsoft zilitiwa katika kila chipu. Funguo za wengine nani azitie? Watungaji wa Linux ni wengi, wametawanyika, baadhi yao ni watu wawili watatu wafanyao kazi usiku. Tarehe 20 Septemba Matthew Garrett, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Red Hat, aliandika kuonya kuwa mashine yenye funguo za Microsoft na za mtengenezaji peke yake haitawasha Linux ya kawaida. Siku mbili baadaye Microsoft ilijibu kwamba uamuzi u mikononi mwa watengenezaji na wateja wao. Jibu hilo lilikuwa kweli kwa herufi. Mteja wa kawaida, ambaye hajapata kusikia neno UEFI, alikuwa na uamuzi wa namna gani mikononi mwake?

Ikafuata vita ya majina, na hiyo yanihusu zaidi. Wenye kanuni walikuwa wamekiita kitendo hiki uwashaji salama. Shirika la Free Software Foundation, ambalo Richard Stallman aliliunda mwaka 1985, lilisema mwezi wa Oktoba 2011 kwamba ikiwa mwenye mashine hawezi kulizima kufuli wala kutia ufunguo wake, basi jina la haki ni uwashaji uliozuiwa. Majina yote mawili yaeleza kitendo kile kile cha mashine. Tofauti yake ni mahali asimamapo msemaji: mmoja yu ndani ya nyumba amwogopa mwizi, mwingine yu nje ya nyumba yake mwenyewe akibisha hodi. Jina la kwanza ndilo lililochapwa katika menyu za kompyuta zote, na mtumiaji akutanaye na kitufe kilichoandikwa "salama" huona hofu kukizima, hata pale ambapo kukizima si hatari kubwa kwake. Sijui dalili iliyo wazi zaidi ya nguvu ya mwenye kutoa jina.

Masharti ya mwisho yalipoonekana, mwishoni mwa 2011 na mwanzoni mwa 2012, yalikuwa na nyuso mbili. Kompyuta za kawaida, zenye chipu za jamii ya Intel, zilitakiwa zimwezeshe mwenyewe kulizima kufuli na kutia funguo zake. Kelele za watu zilikuwa zimesikika. Lakini vifaa vyenye chipu za ARM vilikatazwa visiwe na njia ya kulizima. Kifaa kilichojulikana zaidi katika hivyo ni Surface RT, bamba lililotoka tarehe 26 Oktoba 2012 kwa bei ya dola 499. Halikununuliwa sana, mwezi wa Julai 2013 Microsoft ilikubali hasara ya dola milioni 900 kwa ajili yake. Mfumo wake, Windows RT, haukupata kupandishwa kuwa Windows 10. Aliyekuwa na bamba hilo alibaki na kioo kizima, betri nzima, chipu nzima, na mfumo usio na mbele, wala hakuruhusiwa kutia mwingine. Lilipopatikana tundu, mwezi wa Agosti 2016, halikutokana na hisani: watafiti wawili walionyesha ya kuwa Microsoft yenyewe ilikuwa imeachia nje waraka wake wenye saini halali, uliokusudiwa mafundi wake wa majaribio, ambao huliambia kufuli liache kukagua. Hayo ndiyo mambo ya funguo zilizokusanywa katika mkono mmoja.

Kwa kompyuta za kawaida watu wa Linux walitafuta njia ya kuishi. Garrett alieleza katikati ya 2012 kwamba Fedora ingelipa dola 99, mara moja, ili programu yake ya kuwashia itiwe saini kwa ufunguo ambao Microsoft iliuweka kwa ajili ya watu wengine. Fedha hizo hazikwenda kwa Microsoft bali kwa kampuni ya vyeti ya Verisign, na kiasi chenyewe ni kidogo. Wengi walichukia, si kwa ajili ya fedha, bali kwa kuwa mshindani alikuwa sasa ndiye agongaye muhuri. Programu iliyotiwa saini ilikuwa ndogo sana, ikaitwa shim, yaani kabari. Kazi yake ni kubeba ndani yake ufunguo wa Fedora, na kuzihakiki kwa ufunguo huo programu zinazofuata, ili isilazimu kila toleo jipya la Linux kurudi kwa Microsoft. Watu wa SUSE wakaongeza jambo la busara: orodha ya funguo za mwenye mashine, ambayo shim huiheshimu, na ambayo mtu huweza kuiongeza akiwa amekaa mbele ya kibodi. Ubuntu ilikuwa tayari Oktoba 2012, baada ya kusitasita kwa hofu kwamba masharti ya leseni ya programu iitwayo GRUB yangeilazimisha kuutoa hadharani ufunguo wake wa siri. Fedora 18 ikafuata Januari 2013. Debian, ambayo huendeshwa na watu wa kujitolea, ilifika Julai 2019. Miaka ile sita na zaidi iliyo baina yao ni kipimo kizuri cha gharama ya kufuli hili kwa wasio na kampuni nyuma yao.

Basi, atauliza msomaji, kama shim ipo, tatizo liko wapi? Nami nilimwuliza hivyo fundi mmoja wa Kariakoo, ambaye kazi yake ni kununua kompyuta mpakato zilizotumika, zitokazo Ulaya na Ghuba, kuzisafisha, na kuziuza kwa wanafunzi. Mafundi hawa hawasemi kusimika mfumo endeshi. Husema "kupiga Windows", kama mtu apigavyo pasi au rangi, na kitenzi hicho chaonyesha jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi mikononi mwao. Aliniambia ya kuwa kupiga Linux si kazi ngumu; kazi ni kufika pale inapoanza. Kila mtengenezaji ana kitufe chake cha kuingilia katika menyu ya programu dhibiti: mmoja F2, mwingine F10, mwingine Delete, na yabidi kibonyezwe katika sekunde moja ama mbili. Ndani ya menyu kila kiwanda kimepanga mambo kwa namna yake, na maneno ni ya Kiingereza. Mahali pengine kitufe cha kuzima kufuli hakikubali kuguswa mpaka mtu aweke kwanza neno la siri la msimamizi; mahali pengine kimefichwa chini ya jina la aina ya mfumo endeshi.

Akishalizima, mambo hayajesha. Kompyuta nyingi za Windows za siku hizi hufunga diski kwa maandishi ya siri pasipo mwenyewe kutambua, na ufunguo wa diski umefungamanishwa na hali ya kufuli la uwashaji. Hali hiyo ikibadilika, Windows huogopa kwamba imeibiwa, nayo hudai namba ya tarakimu 48 ambayo mtu hakumbuki kupewa, ingawa aghalabu imehifadhiwa katika akaunti yake ya Microsoft. Mwanafunzi mwenye tasnifu yake ndani ya diski hiyo hataki tena kusikia habari za Linux maisha yake yote. Na yule ambaye ameliacha kufuli limefungwa, akategemea shim, hufika salama mpaka pale anapohitaji programu ya kuongozea kadi ya picha ama ya mtandao isiyokuwa na saini. Hapo huambiwa aandikishe ufunguo wake mwenyewe. Atunge neno la siri, azime, awashe, na kiwambo cha rangi ya buluu kitamngoja kwa sekunde kumi abonyeze kitufe chochote. Asipobonyeza, mashine huendelea kuwaka bila ufunguo kuandikishwa, na kadi haitendi kazi, wala hapana amwambiaye kwa nini. Kila hatua katika hizo ina sababu njema ya kihandisi. Nimezisoma sababu hizo na kuzikubali moja moja. Zikiwa pamoja, zamwacha mtu wa kawaida hawezi.

Mwaka 2015, ilipokuja Windows 10, lile sharti la kumpa mwenye mashine njia ya kulizima kufuli liligeuzwa likawa hiari ya mtengenezaji. Watengenezaji wengi waliibakiza njia hiyo, na hilo lapasa lisemwe. Walakini haki iliyogeuka hiari si ile ile tena. Mwaka 2022 zilitokea kompyuta mpakato ambazo cheti cha "watu wengine" kilikuwa kimezimwa tangu kiwandani, hata shim yenyewe haikupita mpaka mnunuzi aingie katika menyu na kukiruhusu.

Wala kufuli lenyewe halikuwa imara kama lilivyosifiwa. Mwezi wa Julai 2020 kampuni ya Eclypsium ilitangaza kasoro katika GRUB, programu ambayo karibu Linux zote huitumia baada ya shim. Kasoro hiyo iliziharibia sifa saini zote zilizotolewa kwa nia njema. Machi 2023 kampuni ya ESET ilieleza juu ya programu ya wezi iitwayo BlackLotus, iliyokuwa ikiuzwa kwa dola 5,000, ambayo ililipita kufuli hata katika Windows 11 iliyosahihishwa kabisa. Ilipita kwa kubeba faili la zamani la Microsoft lenye kasoro, ambalo saini yake ilikuwa bado halali. Na Julai 2024 kampuni ya Binarly ilionyesha jambo ambalo nilipolisoma nilicheka peke yangu ofisini. Mamia ya aina za vifaa vilikuwa vimeuzwa vikiwa na ufunguo mkuu wa majaribio, ambao mtungaji wake alikuwa ameuandika wazi jina la kuonya kwamba usiaminiwe. Watengenezaji walikuwa wameunakili na onyo lake, wakaufungia ndani ya chipu, wakauza. Kwa nini walifanya hivyo? Nadhani hapakuwa na mtu aliyesoma.

Dawa ya kasoro za namna hii ni ile orodha ya nne, ya laana, nayo hutiwa kwa masasisho. Tarehe 13 Agosti 2024 sasisho la Windows lilizilaani shim za zamani. Microsoft ilikuwa imesema ya kuwa laana hiyo haitagusa kompyuta zenye mifumo miwili. Iliigusa baadhi yake. Watu waliokuwa wakitumia Linux na Windows katika mashine moja kwa miaka walikuta asubuhi upande wa Linux unakataa kuwaka, na juu ya kiwambo maneno ya kwamba kuna jambo limeharibika vibaya. Kosa hawakulifanya wao, wala mtungaji wa Linux yao. Sasisho lilitoka kwa mfumo wa jirani, na jirani alikuwa na ufunguo wa nyumba yote. Suluhisho la kudumu lilitolewa Mei 2025.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hivi. Mashine hizo ndizo zijazazo maduka ya Kariakoo. Ni nzima; zaweza kuandikia, kusomea na kufanyia hesabu miaka mingine kumi, na mfumo unaozifaa ni Linux. Lakini vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011, ambavyo ndivyo vilivyoitia shim saini kwa muda huu wote, viliandikiwa mwisho wake mwezi wa Juni 2026, na mahali pake pametolewa vyeti vya mwaka 2023. Shim ya zamani haifi siku hiyo, kwa kuwa programu dhibiti kwa kawaida haitazami tarehe. Shim mpya zenye saini ya cheti kipya peke yake ndizo zitakazogota: zahitaji mashine iliyopokea cheti hicho, na mashine ya mwaka 2014, ambayo mtengenezaji wake amekwisha kuisahau, na ambayo Windows yake haisasishwi, itakipokea kwa nani? Mwenye kujua ataingia katika menyu na kulizima kufuli, nayo itawaka.

Fundi wangu hulizima, kila mara, kabla ya kufanya lolote. Wiki ile nilipokuwa kwake alikuwa na mashine nne zilizokuja na neno la siri la msimamizi, lililowekwa na ofisi fulani ya ng'ambo ambayo haikulifuta ilipoziuza. Menyu haifunguki, kufuli halizimiki. Alikuwa ameziweka kando, juu ya kabati, ili azitumie kwa vipuri.